Imekatikia Wapi?

Kwa miezi mitatu nilikuwa napima kitu kimoja na kukiandika kwa jina la kingine. Kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, safu ya mwisho ilisomeka "mshiko wa mpako", na chini yake zimepangwa namba nadhifu za megapaskali. Hakuna aliyenidanganya. Mashine ilikuwa nzima na hesabu zilikuwa sawa. Aliyenizindua ni mzee mmoja anayeyeyusha alumini, mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha uhandisi. Alitazama tu upande wa kipande ambao mimi nilikuwa nautupa.

Kazi yenyewe ni hii. Niko kwenye karakana ndogo ya kauri hapa Kampala. Tunatengeneza vigae vizito vya kutandika ndani ya matanuru ya mafundi wa sufuria, wale wa Katwe na Kisenyi wanaokusanya vyuma chakavu vya alumini, wakaviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu za mchanga. Kigae chetu ni kauri ya mseto: kaolini nyeupe ya Mutaka, matofali ya Kajjansi yaliyosagwa, na nyuzi fupi za kauri ambazo huzuia ufa usikimbie mbali. Tunakitandika tabaka juu ya tabaka, tunakikausha, tunakichoma. Kwa sababu ya yale matofali hutoka kikiwa chekundu kama barabara ya kijijini. Juu yake tunapaka mpako mweupe wa unga wa alumina.

Mpako huo si urembo. Alumini iliyoyeyuka ina tabia ya wizi: ikikutana na silika iliyomo kwenye udongo, huipora oksijeni yake, ikaacha ukoko mgumu mweusi ukutani na silikoni ikaingia ndani ya chuma. Kadiri siku zinavyokwenda ukuta unaliwa. Alumina haina cha kuporwa, maana oksijeni yake tayari iko mikononi mwa alumini. Kwa hiyo mpako ukikaa, tanuru linakaa. Ukibanduka, kwanza kipande chake huingia kwenye sufuria ya mtu, na mwezi mmoja baadaye sufuria inavuja pale pale kilipo.

Ndipo linapokuja swali la kupima: umeshika kiasi gani?

Sikuanza na matanuru. Chuoni nilikuwa na ndoto za injini za ndege, kama vijana wengi tuliosoma fizikia huku tukitazama angani. (Nilikulia Malaba, kwenye foleni ya malori, kwa hiyo anga ndiyo ilikuwa sehemu pekee isiyo na foleni.) Mwaka 2016 injini za LEAP zilianza kubeba abiria zikiwa na pete za kauri ya mseto kuzunguka mapanga ya tabaini, sehemu ambayo moto wake ungeyeyusha chuma cha kawaida. Kauri hiyo ni nyuzi za kabidi ya silikoni ndani ya kabidi ya silikoni. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya aloi za nikeli zilizokuwa zikifanya kazi hiyo.

Ina adui mmoja wa ajabu: mvuke wa maji. Kwenye hewa kavu, kabidi ya silikoni ikichomwa hujivika ngozi nyembamba ya silika, na ngozi hiyo huilinda. Lakini mafuta ya ndege yakiungua hutoa mvuke, na mvuke wenye joto na shinikizo huigeuza silika kuwa gesi inayopeperushwa na upepo wa injini. Ngozi inaota, inapeperushwa, inaota tena, na kila mara kauri inapungua unene. Dawa yake ni kuipaka: chini kabisa tabaka la silikoni tupu, juu yake silikati ya itabiamu (metali adimu), ambayo hutanuka kwa joto karibu sawasawa na kauri iliyo chini. Hilo la kutanuka nitalirudia, maana ndilo lililotuumiza Katwe.

Watu wa injini hupimaje mshiko? Njia ya zamani na inayotumika zaidi imeandikwa kwenye kiwango cha ASTM C633, cha shirika la viwango la Marekani. Unachukua silinda mbili za chuma zenye kipenyo cha milimita 25.4, unabandika uso wa mmoja kwenye mpako kwa gundi kali, mwingine upande wa nyuma, kisha unavuta polepole mpaka kitu kiachie. Gawanya nguvu kwa eneo, unapata megapaskali. Kufikisha megapaskali 10 kwenye duara hilo unahitaji kama nusu tani ya mvuto, ulionyooka kabisa. Ukivuta kwa mshazari hata kidogo, ukingo mmoja unabeba mzigo wote, unaanza kuchanika kama plasta ya kidonda, na namba inashuka bila kosa la mpako.

Sisi hatukuwa na mashine ya namna hiyo. Tulikuwa na jeki ya lori, geji ya shinikizo, fremu iliyochomelewa na jirani yetu, na boljointi kuukuu ya gari niliyonunua Kisekka, ili mvuto ujinyooshe wenyewe. Naijivunia ile boljointi mpaka leo. Vibonge vyetu vya chuma vilikuwa na kipenyo cha milimita 20. Kwenye duara dogo hivyo, megapaskali 3 ni karibu sawa na kuning'iniza mifuko miwili ya saruji.

Gundi ni epoksi ya kuchanganya. Hapo kuna mitego ambayo sikuiona kwenye kitabu chochote hadi nilipoikanyaga. Mpako wetu una vitundu vingi, na epoksi nyepesi hunywewa na vitundu hivyo mpaka ifike chini. Ukivuta, unapima mpako uliolishwa gundi, ambao ni kitu kingine kabisa, kigumu kuliko ule utakaoingia tanuruni. Tukajifunza kuiacha gundi ianze kukaza kidogo kwanza, iwe nzito kama uji wa mtoto, ndipo tuweke kibonge. Na safari moja yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, iliisha usiku wakati gundi inakaushwa kwenye oveni, na hakuna aliyekumbuka kununua tokeni. Asubuhi vibonge kumi vilitoka vyote kwa mkono. Siku hiyo angalau nilijua kwamba nimepima gundi.

Zile nyingine sikujua.

Kundi la kwanza lilitoa wastani wa 2.8. Niliandika: mshiko wa mpako, megapaskali 2.8. Mwenye karakana akasema haitoshi, tuongeze silikati ya sodiamu kwenye mpako ili ushike zaidi. Tukaongeza. 2.8. Tukaongeza tena, mpaka mpako ukawa unang'aa kama kikombe. 2.9. Nikaandika ripoti fupi yenye sentensi ambayo nikiisoma sasa natamani kujificha chini ya meza: kwamba silikati ya sodiamu haiathiri mshiko.

Mzee alikuja wiki hiyo kuchukua vigae vyake. Ni mtu wa Uvira, ameyeyusha alumini Kampala kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana Kiganda changu ni cha kununulia ndizi tu. Yeye huniita mwalimu kwa utani, mimi humwita Mzee kwa dhati. Vibonge vilivyotumika vilikuwa kwenye ndoo, vinasubiri kusafishwa. Akaokota kimoja, akakigeuza, akafuta uso wake kwa kidole gumba.

"Mwalimu, hii nyekundu ni ya nini?"

Nikamwambia ni mabaki tu ya jaribio.

"Hii haiko rangi," akasema. "Hii ni bulongo."

Bulongo kwao ni udongo. Kibonge kilikuwa na gundi, juu ya gundi mpako mweupe wote umekaa salama salimini, na juu ya mpako kipande kinene cha kigae chekundu. Akaokota cha pili. Chekundu. Cha tatu vilevile. Ndoo nzima ilikuwa nyekundu.

"Rangi yako haijabanduka hata mara moja," akasema. "Kigae ndicho kimemeguka. Sasa wewe unapima nini?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya kitaalamu, lakini alikuwa ameshayasema kwa maneno bora zaidi. Watafiti wa mipako hutenganisha kwa makini sana kuachana kwa vitu viwili vilivyoshikana na kukatika kwa kitu kimoja ndani yake chenyewe, na hutumia kurasa kueleza tofauti hiyo. Kiswahili kimeimaliza kwa vitenzi viwili. Kilichobandikwa hubanduka. Kilicho kimoja humeguka, kama ugali. Mtoto wa miaka minne hawezi kukuambia kwamba stempu imemeguka kutoka kwenye barua wala kwamba ugali umebanduka. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimeandika kumeguka kwenye safu ya kubanduka kwa miezi mitatu.

Maana yake kihesabu ni rahisi na inauma. Kwenye mvuto, mnyororo mzima unabeba mzigo uleule: gundi, mpako, mpaka kati ya mpako na kigae, kigae chenyewe. Kinachokatika ni kile dhaifu kuliko vyote. Namba unayoipata ni ya hicho. Kuhusu vingine unajua tu kwamba ni imara kuliko hapo. Kigae chetu kimetandikwa kwa matabaka, na mvuto wetu ulikuwa unayatenganisha matabaka hayo, upande ambao nyuzi hazisaidii chochote kwa sababu zimelala. Hata ningepaka kwa dhahabu ingetoka 2.8.

Nilirudi kwenye maandishi ya injini za ndege nikayasoma upya, safari hii nikitafuta rangi ya uso uliovunjika. Ugonjwa ni uleule. Kauri ya kabidi ya silikoni nayo hujengwa kwa vitambaa vya nyuzi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukiivuta kwa urefu wa nyuzi ni shujaa, ukiivuta kutenganisha vitambaa ni mnyonge. Kwa hiyo mara nyingi jaribio la gundi huishia kuichana kauri yenyewe kati ya matabaka, au kukata gundi, na mpako hausemi neno. Ndiyo maana kiwango kinadai uandike mahali pa kukatika pamoja na namba. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo. Niliichukulia kama ile mistari ya chini ya fomu ambayo karani huijaza kwa kistari.

Yapo majaribio yanayojaribu kuukwepa mtego huu. Mwaka 1989 Charalambides na wenzake watatu walieleza jaribio la kupinda: unachukua kijiti chenye matabaka mawili, unakata mkato kwenye tabaka la juu hadi kwenye mpaka, unakipinda kwa nukta nne, na ufa unageuka na kukimbia kandokando ya mpaka. Hapo hupimi nguvu ya kuanzisha ufa, unapima nishati inayotumika kuukimbiza, kwa jouli kwa kila mita ya mraba. Tofauti yake utaiona Kikuubo kwa wauza vitenge. Kitambaa kizima huwezi kukichana kwa mikono hata ukiume meno. Muuzaji anakichomeka ncha ya mkasi ukingoni, anashika pande mbili, na kinachanika mita nzima kwa sauti moja. Jaribio la gundi huuliza kitambaa kizima kina nguvu gani. Kijiti cha kupinda huuliza, mkasi ukishapita, kutabaki upinzani gani? Kwenye tanuru, na kwenye injini pia, mkasi hupita kila siku.

Mkasi wetu ni joto, na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Baada ya somo la ndoo nilijifariji: ikiwa mpako umeshika kuliko kigae, basi mpako ni mzuri, tatizo limekwisha. Mzee alitandika vigae vile kwenye tanuru lake. Kwenye uyeyushaji wa nne akanipigia simu. Mpako ulikuwa unatoka kwa magamba mapana kama kiganja, meupe pande zote mbili. Hakuna wekundu hata chembe. Ulikuwa umebanduka, hasa.

Nilikuwa nimepima vitu baridi ambavyo havijawahi kuona moto baada ya kupakwa. Alumina hutanuka kwa joto kuliko kigae chetu, na ikipoa husinyaa zaidi. Kila jioni tanuru likizimwa, mpako unataka kujikunja na kigae kinakataa. Tena kwenye udongo wetu kuna mchanga wa kwatzi, na kwatzi ina tabia ya kuruka ghafla kwa ukubwa inapopita nyuzi 573 za selsiasi, kwenda na kurudi. Alumini huyeyuka kwenye 660. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee akiwasha anaipita 573, na kila jioni akizima anaipita tena. Hakuna siku ambayo mpaka ule haukutikiswa.

Wale wa injini wana kwatzi yao, inaitwa kristobaliti. Lile tabaka la silikoni chini ya mpako huota silika pole pole kadiri mvuke unavyopenya, na silika hiyo ikipoa hadi karibu nyuzi 220 hubadili umbo na kusinyaa ghafla, ikajaa nyufa. Siku ya kwanza ukivuta, kila kitu kimeshika barabara. Baada ya mamia ya saa za mvuke na kupoa, ufa unapita ndani ya ngozi hiyo nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo wao huvuta kabla ya mvuke, huvuta baada ya mvuke, na hulinganisha.

Nasi tukaanza hivyo. Tunachoma vipande hadi 800, tunapoza, tunachoma tena. Vingine tunavivuta kabla ya moto, vingine baada ya mara tano, kumi, ishirini. Namba zenyewe kwa muda mrefu hazisogei sana. Kinachosogea ni rangi. Kabla ya moto vibonge ni vyekundu. Baada ya mara tano kunatokea doa jeupe ukingoni, kama ukungu wa mkate. Baada ya kumi doa limekua. Kuna siku kibonge kinatoka cheupe chote na hapo ndipo namba inaporomoka kwa mara ya kwanza. Rangi ilikuwa imeshatoa taarifa zamani.

Nasi ndipo tulipopata dawa, ambayo haikuwa kwenye silikati ya sodiamu hata kidogo. Tuliusogeza mpako uwe jirani wa kigae: tabaka la kwanza tukachanganya alumina na unga wa kigae chenyewe, ili kutanuka kupande kwa ngazi badala ya ukuta mmoja. Na tukaanza kulowesha kigae kabla ya kupaka. Jambo hili fundi yeyote wa lipu analijua: ukuta mkavu hunywa maji ya chokaa kabla hayajafanya kazi, inabaki vumbi. Nilikuwa nimewaona tangu utotoni wakirusha maji ukutani kwa kopo na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mzee ana kipimo chake ambacho hakivunji kitu. Anagonga. Kina mama sokoni hugonga chungu kabla ya kulipa, wakisikiliza kama kinalia au kinakohoa, naye hugonga kigae kwa kifundo cha kidole, sentimita kwa sentimita, na mahali sauti inapofifia anachora kwa chaki. Nilimcheka kimoyomoyo. Kisha tukavuta kwenye alama za chaki na nje ya alama, kwenye kigae kimoja kilichochomwa mara kumi. Za kwenye chaki zilitoka nyeupe. Sijamcheka tena, ingawa namkumbusha kwamba sikio lake halisikii doa lililo dogo kuliko kidole chake, naye hunikumbusha kwamba jeki yangu huharibu kila inachokipima.

Fomu mpya ya karakana nimeiandika kwa Kiswahili. Mwenye karakana aliuliza kama ni kwa ajili ya ile Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Nikamwambia hapana, ni kwa ajili ya ndoo. Safu ya megapaskali ipo, lakini imehamia kulia. Ya kwanza kushoto inauliza: Imekatikia wapi? Na chini yake kuna nafasi ya kuandika gundi imeachia, mpako umebanduka, mpako umemeguka, kigae kimemeguka, na kila kimoja ni sehemu gani ya duara.

Hilo la sehemu gani ndilo linalotugombanisha sasa. Ijumaa iliyopita kilitoka kibonge kilichochanganyika, nyekundu na nyeupe kama ramani ya visiwa. Mimi nilisema nyeupe ni theluthi. Mzee akafumba jicho moja akasema ni sehemu mbili kati ya tano. Tukachukua karatasi ya plastiki angavu, tukachora juu yake vijisanduku mia, tukaiweka juu ya kibonge na kuhesabu, yeye akinong'ona namba na mimi nikiweka alama. Vilifika arobaini na kimoja.

Nimeandika 41. Yeye alikuwa ameshachukua kofia yake.